Hadithi Iliyosimuliwa Jua Likiwa Utosini

Mpo, wajukuu zangu?

Tupo.

Na masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo.

Basi yategeni, lakini msiyaamini upesi. Zamani, zamani ile ambayo hakuna aliye hai anayeweza kuiapia, wakati Ugogo ilipokuwa na miti mingi kuliko watu na mto Chihembe ulipokuwa ukitiririka mwaka mzima, palitokea shauri. Shauri hilo lilisikilizwa mbele ya Mtemi Chalula, uani pa tembe lake la udongo, na mashahidi walikuwa kumi na mmoja. Nitaanza na yale ambayo wote kumi na mmoja waliyakubali, kwa maana hayo ni machache na ni mepesi kuyabeba.

Walikubaliana kwamba siku ya tukio jua lilikuwa utosini. Walikubaliana kwamba mwanamke aitwaye Mbeleje, mjane wa Ndahani, alikuwa juu ya dungu, jukwaa la kulinda nafaka isiliwe na ndege, katikati ya mashamba ya uwele, ana zeze mkononi, na anaimba. Walikubaliana kwamba siku hiyohiyo ndege waliteremka katika shamba la mtemi, na walipoondoka yalibaki mabua. Basi. Zaidi ya hapo kila neno lina mwenyewe, na kila mwenyewe ana sababu yake.

Sasa mtaniuliza: mwanamke kuimba shambani kuna kosa gani? Swali zuri. Kosa lilitokana na sheria ya nchi ile, na sheria yenyewe ilisema hivi: hadithi haisimuliwi jua likiwa juu. Atakayeisimulia atavushwa mto Chihembe siku hiyohiyo atakapohukumiwa, wala hatarudi.

Kwa nini? Wengine walisema hadithi ya mchana huifukuza mvua. Mimi sijapata kuona ushahidi wa hilo. Wengine walisema ng'ombe wa msimuliaji hutoa damu badala ya maziwa. Hilo nalo silipokei, maana hakuna aliyetaja ng'ombe wa nani. Lakini wazee wengine walisema kwamba zamani zaidi, kabla hata ya mtemi wa kwanza, palikuwa na mwaka ambao watu walikaa wakisikiliza hadithi na mazeze tangu asubuhi hadi jioni, magugu yakaota hadi kiunoni, njaa ikaja, na watu wakafa. Sababu hiyo naipokea kwa masharti, kwa kuwa nimewahi kusikiliza hadithi nzuri huku sufuria langu likiungua.

Na kuvushwa mto msikudhani ni kutembezwa. Ng'ambo ya Chihembe ulikuwa mwendo wa siku tano bila kisima, na simba wa huko hawakuwa na haya. Mtu mmoja tu alikuwa amevushwa katika kumbukumbu ya wazee. Kilichopatikana baadaye kilikuwa kiatu chake cha ngozi. Kimoja.

Basi Mbeleje alipoletwa uani alasiri ya shauri akasimama mbele ya Mtemi Chalula, alijua hasa kinachopimwa. Alikitazama kilima cha Isunga upande wa magharibi, akaona jua limebakiza urefu wa mtu na nusu, akahesabu pumzi zake.

Aliyemshtaki alikuwa Lenjima, msimamizi wa shamba la mtemi, mtu mrefu, mkavu, asiyecheka bila sababu. Watu walisema anajikinga yeye, kwa kuwa shamba lililoliwa lilikuwa chini ya uangalizi wake. Huenda. Lakini mtu kuwa na sababu ya kusema uongo si uthibitisho kwamba amesema uongo. Likumbukeni hilo hata mkinisahau mimi.

Aliyeuliza maswali alikuwa Mzee Chilongo, mshauri wa mtemi. Alikuwa hasikii vizuri kwa sikio la kushoto, kwa hiyo kila mtu alisimamishwa kuliani kwake.

"Lenjima," alisema Mzee Chilongo, "eleza uliyoyaona. Uliyoyafikiri yaache nyumbani."

"Niliona madungu tisa," akasema Lenjima. "Wanawake tisa waliowekwa kuamia ndege. Kila mmoja ana kombeo, ana kibuyu chenye kokoto. Hakuna aliyekuwa akitupa jiwe. Hakuna aliyekuwa akitazama juu. Wote wamegeuza nyuso kwa huyu. Nilipotazama mashariki nikaona ndege wametanda kama moshi wa nyika. Nikakimbia, nikapanda dungu lake, nikaushika uta wa zeze. Tulipoteremka, shamba la mtemi lilikuwa limekwisha."

"Ndege uliwaona kabla hujaushika uta, au baada?"

"Kabla. Ndiyo maana nilikimbia."

"Una hakika?"

"Mzee Chilongo, mwaka wa njaa nilizika watoto wawili kwa mikono hii. Mimi nikitazama shamba la uwele, sitazami kama mtu mwingine."

Mbeleje mwenyewe aliinamisha kichwa, kwa sababu aliwajua watoto wale, na mmoja alikuwa amezoea kuja kulala magotini pake zeze likipigwa.

Akaitwa Bibi Nzala. Huyu alikuwa kwenye dungu la pili, mwanamke mzee, mnene, mwenye ulimi usiofungwa na mtu.

"Siku ile Mbeleje alipoimba, uliitikia?" akaulizwa.

"Niliitikia."

"Kwa sauti?"

"Mzee Chilongo, unanijua. Mimi nikikohoa, mbuzi huhama zizi."

Watu wakacheka, kisha wakaona mtemi hacheki, wakaacha.

"Unajua kwamba anayeitikia hadithi mchana anashiriki kosa?"

"Najua. Nivusheni. Lakini mtanibeba, kwa sababu goti hili halifiki mtoni. Na ninyi vijana wa mtemi mlioegemea mikuki hapo, nawaambia mapema, mimi ni mzito."

"Jibu swali, bibi. Ndege walikuja wakati wa wimbo, au wimbo uliponyamaza?"

"Uliponyamaza. Sikiliza, nikueleze. Tulikuwa hatujala tangu juzi. Uwele uko mbele yako umekomaa, huruhusiwi kuugusa mpaka mtemi auonje kwanza. Jua linapiga. Matika wa dungu la tatu alikuwa amelala, mdomo wazi, nzi wanaingia na kutoka. Mimi mwenyewe macho yalikuwa yanafumba kwa usingizi. Huyu binti akaanza kupiga zeze. Tukaamka. Akaimba, tukaitikia, na kila tulipoitikia tulitikisa vibuyu, sote wanane kwa pamoja. Ndege gani atatua hapo? Akaja mwanangu Lenjima huyu, akaushika uta. Tukanyamaza. Ndege wakatua. Hayo ndiyo niliyoyaona. Niliyoyafikiri juu ya Lenjima nimeyaacha nyumbani kama ulivyoagiza."

Mnaona, wajukuu zangu? Lenjima anasema ndege walikuja, kisha wimbo ukakatwa. Bibi Nzala anasema wimbo ulikatwa, kisha ndege wakaja. Mmoja akiwa sahihi, hadithi ndiyo iliyolimaliza shamba. Mwingine akiwa sahihi, hadithi ndiyo iliyokuwa ikililinda. Na tofauti kati yao ni pumzi mbili tatu.

Mzee Chilongo akamgeukia Mbeleje. "Wewe ulikuwa juu, unaona mashamba yote. Ndege walikuja lini?"

Hapo, wajukuu zangu, palikuwa na mlango wazi. Neno moja tu lingetosha. Mbeleje aliliona neno hilo, akalihisi ulimini.

"Sijui," akasema. "Nikiimba hufumba macho."

Mguno ukapita uani. Bibi Nzala akajipiga paja kwa uchungu.

"Na ulichokuwa ukiimba, kilikuwa wimbo wa kuamia ndege au kilikuwa hadithi?" akauliza Mzee Chilongo. "Maana wimbo wa kuamia unaruhusiwa mchana."

"Kilianza kikiwa wimbo wa kuamia. Baadaye kikageuka. Kilipogeuka, sikuuona mpaka."

"Lenjima, wewe unayeshtaki: tofauti ya wimbo na hadithi ni nini?"

Lenjima hakusita. "Wimbo ukikatwa, watu hurudi kazini. Hadithi ikikatwa, watu huuliza."

Mzee Chilongo alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa chakula ambacho hakukitarajia. Hata Mbeleje moyoni mwake alikubali kwamba ni jibu la mtu anayeijua kazi.

Lakini sasa baraza likakwama. Ili kujua kama kilikuwa wimbo au hadithi, sharti kisikilizwe. Na kikisikilizwa jua likiwa juu, huenda baraza zima, pamoja na mtemi, likawa limetenda kosa lilelile linalohukumiwa. Kungoja giza haikuwezekana. Sheria ilisema hukumu ya kuvushwa mto haitolewi jua likishazama. Ilisema pia kwamba mshtaki sharti adai hukumu mara tatu, kwa kinywa chake mwenyewe, na baada ya kila dai mshtakiwa apewe nafasi ya kusema. Dai la tatu likitimia, mtemi hana ruhusa ya kunyamaza. Lisipotimia, shauri hufa pamoja na jua, wala halifufuliwi.

"Nadai hukumu," akasema Lenjima. "Hilo ni la kwanza. Jua linakwenda."

Mzee Chilongo akafumba macho, akafikiri. Watu walikitazama kilima cha Isunga. Kisha akasema maneno ambayo wanaojua sheria waliyarudia miaka mingi baadaye.

"Mtu akitakiwa kulionyesha baraza jinsi mwenzake alivyopigwa, akainua fimbo akaishusha hewani, hajampiga mtu. Huo ni ushahidi. Mbeleje na aonyeshe. Aanze pale alipoanza, asimame pale aliposimamishwa. Akipunguza neno, ametudanganya. Akizidisha neno, hata moja, hilo si ushahidi tena, ni kosa jipya, nasi sote tutakuwa tumeliona. Na walioitikia siku ile ndio watakaoitikia leo. Wengine wote, vinywa vifungwe."

"Atairefusha," akasema Lenjima. "Atatuvusha mito saba mpaka jua lizame."

"Utaijuaje? Ulifika mwishoni tu."

"Nitaijua," akasema Lenjima, na hakueleza zaidi.

Zeze likaletwa. Lilikuwa la marehemu Ndahani, kibuyu chake kimekuwa cheusi kwa kushikwa, nyuzi mbili tu. Mbeleje akaliegemeza kiunoni, akapaka uta utomvu, akavuta mara moja. Sauti ile ya mkwaruzo, ile inayofanana na mtu anayesafisha koo kabla ya kutaja jambo zito, ikaenda mpaka ukutani pa tembe, ikarudi.

Na kishawishi nacho kilikuwapo, tusifiche. Msimuliaji hodari anajua kurefusha. Anajua kuongeza mto, kuongeza mlima, kumwongeza bibi kizee njiani mwenye maswali marefu. Jua lilikuwa limebakiza kimo cha ng'ombe. Mbeleje alikipima kimo hicho, akaipima hadithi yake, akajua kwamba kwa mito miwili tu angekuwa salama. Kisha akafumba macho, akaanza pale alipokuwa ameanza.

Palikuwa na binti, akasema, na kaka yake. Wakaenda porini kuokota kuni. Wakaona kichuguu kirefu kuliko nyumba, na ubavuni mwa kichuguu pana tundu, na tunduni panatoka harufu ya asali. Kaka akaingiza mkono. Kisha bega. Kisha tundu likafumba, na kaka hayupo. Na ndani ya kichuguu sauti isiyo ya mtu ikasema: kesho njoo uimbe. Utakapomtambua, nitakupa.

Zeze likapanda, Mbeleje akaimba:

*Kaka uliye ndani, wanisikia?*

Wanawake wa madungu walitazamana. Kuitikia ni kukiri. Mbeleje aliufikisha uta mwisho, akangoja, akausikia moyo wake ukigonga kibuyu cha zeze. Wimbo usioitikiwa haukuwa ule aliouimba siku ile, na hadithi isingeweza kwenda mbele bila jibu lake.

Akaimba tena:

*Kaka uliye ndani, wanisikia?*

Na Bibi Nzala, kwa ile sauti ihamishayo mbuzi:

*Nasikia, dada, imba tena.*

"Mmoja amekiri," akasema Lenjima.

"Na sasa ni wawili," akasema Matika, akaitikia. Kisha wa tatu, kisha wa nne, kisha wote.

Siku ya pili binti akaja, akaimba, na kaka akajibu, lakini kwa mbali, kama mtu aliye nyuma ya ukuta. Siku ya tatu akajibu kwa mbali zaidi, kama mtu aliye nyuma ya kilima. Siku ya nne, ya tano, ya sita, kila siku sauti inazama, kila siku binti anaegemeza sikio ubavuni mwa kichuguu, na siku ya sita ilimbidi azuie pumzi ili amsikie. Zeze nalo lilikuwa likishuka, likishuka, mpaka uani pa Mtemi Chalula watu wakawa wameinama mbele bila kujua. Wanawake waliitikia kwa mnong'ono. Vijana wa mtemi walikuwa wameilaza mikuki yao chini.

Siku ya saba binti akaja, akaimba:

*Kaka uliye ndani, wanisikia?*

Na kichuguu kikajibu kwa karibu, kwa karibu kabisa, na sauti zilikuwa mbili. Mbili, zimefanana kama matone ya maji. Tundu likafunguka. Ikatoka mikono miwili, wa kulia na wa kulia. Yote miwili ina kovu la shoka kwenye kidole gumba, pale kaka alipojikata utotoni. Na sauti isiyo ya mtu ikasema: mmoja ni wa kaka yako, mwingine ni wangu. Shika mmoja. Utakaoushika ndio utakaorudi nao nyumbani, na nyumbani ndimo utakamoishi.

Binti akanyoosha mkono.

Mbeleje akausimamisha uta juu ya nyuzi. Akafumbua macho.

"Hapa ndipo niliposhikwa," akasema.

Hakuna aliyesogea. Jua lilikuwa bado lipo. Limebakiza kiganja juu ya Isunga, lakini lipo, jekundu, linaonekana na kila mtu. Hakuongeza mto hata mmoja. Hakupunguza, hakuzidisha. Lenjima, aliyekuwa akingoja kumkamata, hakuwa na la kumkamatia.

Na kutoka kwenye kigoda cha juu, sauti ikasema:

"Kisha?"

Alikuwa Mtemi Chalula.

Alitambua alichokifanya mara tu neno lilipomtoka. Wote walitambua. Mzee Chilongo alikishika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Mtemi ameuliza," akasema Lenjima, na sauti yake haikuwa na furaha. "Imekatwa, na mtemi ameuliza. Basi ni hadithi. Nadai hukumu. Hilo ni la pili."

"Mbeleje," akasema Mzee Chilongo, "una nafasi ya kusema."

Alikuwa na mengi ya kusema. Angeweza kusema juu ya njaa, juu ya Matika na nzi, juu ya vibuyu vyenye kokoto. Alisema:

"Mzee Lenjima yuko sahihi. Ni hadithi."

Mtemi akainama mbele. "Mwisho wake anaujua nani?"

"Mimi. Marehemu alinipa mimi peke yangu, na yeye aliyempa alikwishakufa."

"Nawe ukivushwa?"

"Utavuka pamoja nami, Mtemi."

"Basi utuambie sasa. Neno moja tu. Aliushika upi?"

"Jua lipo, Mtemi. Nikiongeza neno, si ushahidi tena. Mzee Chilongo alisema, na ninyi nyote mlimsikia."

Mtemi akamtazama Mzee Chilongo. Mzee Chilongo akasema kwa taabu, kama mtu anayejing'oa jino, "Ndivyo nilivyosema."

Basi yakabaki macho. Macho yote yakamgeukia Lenjima. Dai la tatu lilikuwa lake peke yake. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumharakisha, wala ya kumzuia. Jua likabakiza vidole viwili. Vijana wa mtemi wakainama kuiokota mikuki yao, kwa maana ng'ambo ya mto ilikuwa karibu na wao ndio wapelekaji. Mbeleje alilishika zeze kwa mikono miwili. Miguu yake ilikuwa imekwisha kuwa baridi, kana kwamba imetangulia majini.

Lenjima akasimama wima. Akafungua kinywa.

Na hapa, wajukuu zangu, nawaomba mnisikilize kuliko mlivyonisikiliza tangu mwanzo, kwa sababu hapa ndipo mashahidi walipoachana.

Mzee Chilongo, aliyekuwa karibu naye kuliko wote, alisema amemsikia akitamka "Nadai," akaishia hapo. Lakini Mzee Chilongo alikuwa amemgeukia mtemi, Lenjima akawa upande wake wa kushoto, na sikio la kushoto la Mzee Chilongo nimekwisha kuwaeleza. Bibi Nzala aliapa kwamba Lenjima aliuliza, kwa sauti ya chini, kama mtoto: "Ulikuwa upi?" Bibi Nzala alikuwa mbali, na alimpenda Mbeleje. Vijana wa mtemi walisema hakusema kitu, alikohoa tu. Wao hawakuwa na upande, lakini walikwishasema wenyewe kwamba walikuwa wakitafuta mikuki yao chini. Na Lenjima mwenyewe, mpaka siku aliyokufa, alishikilia kwamba alidai hukumu, akaidai yote, neno kwa neno, na kwamba kosa ni la masikio ya baraza.

Yaliyofuata hayana ubishi. Jua lilizama. Mzee Chilongo akasimama, akakitazama kilima, akatamka kwamba shauri limekufa. Hakuna aliyeondoka. Mtemi akamwashiria Mbeleje, naye akaketi chini, akavuta uta.

Binti alinyoosha mkono, akasema, kisha akaurudisha. Hakushika wa kwanza, hakushika wa pili. Alirudi nyuma hatua tatu akaimba wimbo wao, ule wa tangu walipokuwa wakiokota kuni. Mkono mmoja ulitulia, ukingoja kushikwa. Mkono mwingine, vidole vyake vikaanza kugonga udongo wa kichuguu, taratibu, kwa mapigo ya wimbo. Binti akaushika ule uliogonga, akavuta, akavuta, akavuta, na kaka yake akatoka mzima, asali imemjaa nyweleni.

Watu wote wa uani waliitikia, walioruhusiwa na wasioruhusiwa. Na Lenjima alikuwapo. Hakuna shahidi hata mmoja aliyesema aliondoka. Shamba la mtemi halikurudi. Mwaka ule kila nyumba ilitoa kapu la uwele kwa mtemi, na miezi ya mwisho ilikuwa migumu, na wapo waliosema ni kwa sababu ya Mbeleje. Wapo waliosema ni kwa sababu ya mkono ulioushika uta. Mbeleje aliishi akasimulia jioni nyingi, na kila alipoulizwa Lenjima alisema nini, kwa maana safari ile macho yake yalikuwa wazi, alijibu: "Muulizeni mwenyewe."

Funzo lake ni hili. Jambo moja likitangulia jingine, msikimbilie kusema kwamba la kwanza ndilo lililolizaa la pili. Na mkiitikia hadithi, msidhani mko nje yake.

Kisa nimekitua. Sikuongeza kovu, sikupunguza kidole. Mmewasikia Chilongo, Nzala, vijana wa mikuki, na Lenjima mwenyewe. Mnajua nani alisikia vibaya, nani alipenda, nani alikuwa akitazama chini, na nani alikuwa amezika watoto wawili. Sasa semeni ninyi, na kila mmoja ataje sababu zake: mtu yule, vidole viwili vya jua vikiwa vimebaki, alisema nini?